Mjadala: Tunauamini uhakiki wa habari, au tunaamini kambi zetu?

Mwanzisha mada: Tuanzie Kenya. Agosti 16, 2022, makamishna wanne wa IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, walidai asilimia za wagombea urais zinafika 100.01, na kwamba hiyo 0.01 ni kura kama 142,000. Kura halali zilikuwa 14,213,027, asilimia 0.01 yake ni kura 1,421 tu. Na hata hizo hazikuongezwa popote. Ruto alikuwa na 50.4899, ikaandikwa 50.49. Raila 48.8491, ikawa 48.85. Wajackoyah 0.4360, ikawa 0.44. Waihiga 0.2251, ikawa 0.23. Zote nne zilipandishwa kidogo, ndipo jumla ikavuka mia. Kikokotoo cha simu kinatosha kuhakikisha. Kwa nini basi mtu aulize kwanza mhakiki ni wa kabila gani?

Jibu la 1: Ndugu, hesabu haina ubishi. Ubishi uko nyuma yake: nani kachagua kauli hiyo ndiyo ikaguliwe? Ukikagua kauli kumi za kambi moja na mbili za nyingine, hukumu zote zaweza kuwa sahihi na bado watu wakaona unawaonea. Marekani, utafiti wa 2019 wa kituo cha utafiti cha Pew ulikuta asilimia 70 ya Warepublican wakisema wahakiki huegemea upande mmoja. Kwa Wademocrat ni 29. Pengo hilo huwezi kuliziba kwa kikokotoo.

Jibu la 2: Nakuunga mkono nusu. Kulazimisha idadi sawa ni kosa, maana kambi moja ikipotosha zaidi, usawa huo unaificha. Wahakiki, tangazeni kanuni kabla ya kampeni: kauli iwe na tarakimu, iwe imetamkwa na mgombea mwenyewe, iwe na hati ya umma ya kuipimia. Wekeni pia orodha ya kauli mlizoziacha, na sababu.

Halafu acheni kugonga muhuri wa "FEKI" juu ya picha ya fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo cha kupigia kura, na kuondoka. Soma jina na namba ya kituo, iweke kando ya nakala iliyo kwenye tovuti ya IEBC, uonyeshe ni tarakimu ipi imeguswa. Bila hivyo, mfuasi wa mgombea anabaki na neno lako dhidi ya neno la kiongozi wake, na hapo umeshashindwa.

Mwanzisha mada: Orodha ya zilizoachwa naikubali. Ila "si kweli" na "haijathibitishwa" zisichanganywe. Wengi huzichanganya wakiwahi kuchapisha usiku wa matokeo.