LVN: chuo binafsi cha dola 32,000, au nisubiri komyuniti koleji?

MamaZawadi_FortWorth
Habari zenu wapendwa. Naomba mawazo, hasa ya mliopita njia hii hapa Texas. Mimi ni CNA, yaani msaidizi wa nesi, mwaka wa sita sasa, nyumba ya wazee, zamu ya usiku, na mgongo umeanza kunidai. Nataka LVN, leseni ya nesi wa ngazi ya kwanza. Nina green card, watoto wawili wa shule ya msingi, na mume ni dereva wa lori, mara nyingi yuko barabarani.

Chuo binafsi kiko dakika 15 kutoka nyumbani. Masomo ni jioni Jumatatu hadi Alhamisi, na Jumamosi mchana kutwa. Miezi 14, dola 32,000 pamoja na vitabu na sare, na darasa linaanza Januari. Komyuniti koleji, chuo cha umma, ni kama dola 7,500, miezi 12, lakini ni mchana, na darasa linalofuata ni Agosti. Tena si kuingia tu, kuna mtihani wa kuingilia wa HESI na wanachukua wenye alama za juu. Kuna wanaoniambia niruke yote hayo niende RN, nesi kamili, moja kwa moja, ila nikihesabu masomo ya awali ni miaka mitatu, na mimi jana tu nilishindwa kumnyanyua babu wa kilo 90.

Sasa kosa langu. Juzi Alhamisi nilikwenda chuo binafsi "kuangalia tu". Yule mshauri wa udahili alinipokea kama nimeleta posa. Soda, matembezi ya maabara, mdoli wa plastiki anayekohoa. Nimetoka nimeweka saini na dipozi ya dola 150. Usiku kazini ndipo akili ikarudi.

Mwanahesabu_Plano
Dada, kwanza tulia. Kwa vyuo vya ufundi vya binafsi hapa Texas una saa 72 za kuvunja mkataba na kurudishiwa pesa yote, na Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Ulisaini Alhamisi, kwa hiyo una hadi usiku wa manane wa Jumanne. Andika barua, usipige simu. Simu haina ushahidi.

Hesabu nitaleta jioni, niko kazini.

Otieno_Garland
Si uende KMTC, chuo cha tiba kule nyumbani Kenya, miaka mitatu urudi ukiwa na diploma ufanye NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya RN? Wengi wamefanya hivyo. Karo ni nafuu sana.

MamaZawadi_FortWorth
Kaka Otieno, na hawa watoto nimwachie lori?

NesiWaUsiku
Mdogo wangu, mimi nilisoma chuo binafsi, si hicho chako nadhani, na sikitaji. Nina leseni na nakula kwa leseni hiyo, kwa hiyo siwezi kusema nilitupa pesa. Lakini nikuambie ambayo mshauri wako hatakuambia.

Pale mapokezi palikuwa na bango kubwa: ufaulu wa NCLEX-PN, mtihani wa leseni ya LVN, asilimia 100. Ni kweli, hawakudanganya. Ila tulianza darasani watu 41. Tuliofika kwenye chumba cha mtihani wa NCLEX tulikuwa 16. Wengine walikwenda wapi? Baadhi walishindwa masomo, sawa. Lakini kundi zima lilikwama mlangoni kabisa, kwenye mtihani wa mwisho wa chuo. Umemaliza masomo, umemaliza mazoezi, umelipa kila senti, halafu unaambiwa hujafikisha alama, jina lako haliendi Bodi ya Uuguzi, wanaotoa leseni. Lipia tena marudio. Rafiki yangu alirudia mara tatu, akachoka, akarudi kugeuza wazee akiwa na deni. Kwenye takwimu za Bodi huyo hayumo, kwa sababu hakuwahi kufanya NCLEX. Wanaohesabiwa pale ni waliofanya.

Kwa hiyo ukifungua tovuti ya Bodi ya Uuguzi ya Texas, angalia asilimia, ndiyo. Bodi inataka angalau 80 kwa wanaofanya mara ya kwanza, na chuo kikishuka hapo kinaanza kuulizwa maswali. Lakini soma na safu ya pembeni: ni wangapi waliofanya? Kisha nenda chuoni uulize darasa hilo lilianza na wangapi. Ufaulu wa 95 katika wanafunzi 60 na ufaulu wa 95 katika wanafunzi 9 waliosalia ni vitu viwili.

La pili, uliza mazoezi yanafanyika wapi. Sheria ya hapa inataka saa zisizopungua 1,398 kwa jumla, na 840 kati ya hizo ni za mazoezi. Mimi saa zangu karibu zote nilizifanyia nyumba ya wazee ileile, nikifanya kazi ileile niliyokuwa nalipwa nikiwa CNA. Safari hii nalipa mimi! Wodi ya wazazi niliiona kwa mdoli. Wataje hospitali kwa majina, na kama wanasema "tuna mikataba mbalimbali", jua hakuna.

BabaImani
Naheshimu alichoandika dada hapo juu, lakini kuna upande hamuusemi. Mimi Kiingereza ni lugha yangu ya tatu. Nilijaribu komyuniti koleji mara mbili. Mara ya kwanza alama zilikuwa chini kidogo, mara ya pili nilifaulu vizuri tu ila nafasi zilikuwa chache na waliokuwa juu yangu wengi. Miaka miwili imekwenda. Chuo binafsi kilinichukua, nikasoma jioni, mchana nafanya kazi, NCLEX nikapita mara ya kwanza. Leo mimi ndiye nesi wa zamu, CNA wanane chini yangu. Deni limebaki dogo.

Bila chuo hicho ningekuwa bado naandika maombi. Kwa hiyo msimwambie dada kwamba kila chuo binafsi ni mtego. Swali ni kama ataingia kule kwingine au hataingia.

Mwanahesabu_Plano
BabaImani umegusa penyewe, na hesabu inaonyesha hivyohivyo. Nimetumia takwimu za mishahara za Idara ya Kazi za Mei 2024, zile za katikati kwa nchi nzima: CNA 39,530, LVN 62,340, RN 93,600. Tofauti ya CNA na LVN ni 22,810 kwa mwaka, yaani kama 1,900 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei ya kila mwezi unaochelewa.

Sasa tazama kalenda. Binafsi: unaanza Januari, miezi 14, unamaliza Machi mwaka unaofuata. Koleji: Agosti hadi Agosti. Unaiona "mbali" kwa sababu inaanza mbali, lakini mwishoni umechelewa miezi 5 tu. Miezi 5 ni kama dola 9,500.

Utasema koleji ni mchana, utapoteza kazi. Nusu kweli. Waulize nyumba yako ya wazee kuhusu zamu mbili mfululizo za wikendi, saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, Jumamosi na Jumapili. Hizo ni saa 32. Unakosa saa 8 kwa wiki, ambazo kwa mwaka mzima ni kama 7,900. Na chuo binafsi chenye darasa la Jumamosi hakikuruhusu mpango huo.

Jumlisha: 9,500 na 7,900 ni 17,400. Tofauti ya ada ni 24,500. Koleji inashinda kwa takriban 7,100, kabla ya riba ya mkopo.

Lakini usipochukuliwa Agosti hiyo ukasubiri nyingine, ongeza 22,810. Hapo koleji imekugharimu zaidi ya 40,000 na chuo binafsi ndicho cha bei rahisi. Ndiyo maana kila mtu hapa ana ushuhuda wake na wote wanasema kweli. Kila kitu kinategemea alama zako za HESI.

Otieno_Garland
Zamu mbili wikendi halafu darasa Jumatatu asubuhi? Huyo ni binadamu ama trekta?

NesiWaUsiku
Otieno, uliza CNA yeyote wa Dallas.

Bukavu_Abilene
Jambo dada. Miye niko Abilene, tulifika 2016 tukitoka kambi ya Nyarugusu. LVN yangu sikulipa hata franga moja. Nilienda ku ofisi ya Workforce Solutions, kuna pesa ya serikali ya mafunzo ya kazi wanaita WIOA. Wanaangalia mapato ya nyumba, wanakupatia mtu wa kukufuata, karatasi ni mingi, miezi miwili nilikuwa napeleka karatasi tu. Lakini wanalipa shule, vitabu, hata viatu. Ila wanalipa tu shule zenye ziko ku listi yao. Ile shule ya private nilikuwa napenda haikuwamo. Nilivyoona haimo nikajiuliza sababu.

Mwanahesabu_Plano
Hiyo ya Abilene ni dhahabu. Na nyongeza: muulize mshauri kama chuo kipo kwenye FAFSA, maombi ya msaada wa masomo wa serikali kuu. Wenye green card na wakimbizi waliokubaliwa wanaweza kupata ruzuku ya Pell, hadi dola 7,395 kwa mwaka, na hiyo hairudishwi. Kwa komyuniti koleji ya 7,500 maana yake unaweza kusoma karibu bure. Kwa chuo kisicho na FAFSA hupati Pell, na mkopo unaokopeshwa pale si wa serikali.

Tofauti hiyo inaonekana siku chuo kikifunga. Corinthian, waliokuwa na vyuo vya Everest, walifunga milango Aprili 2015. ITT wakafuata Septemba 2016, na hao walikuwa na programu ya uuguzi. Mwaka 2022 serikali ilifuta dola bilioni 5.8 za madeni ya waliosoma Corinthian, watu 560,000. Waliofutiwa ni wenye mikopo ya serikali. Aliyekopa kwa kampuni binafsi hakuwa kwenye hesabu hiyo.

Shem_Aurora
Mnahangaika bure. Kuna watu wanapanga diploma kwa miezi michache, huingii hata darasani. Ni DM.

NesiWaUsiku
Shem usituletee jela hapa. Januari 2023 waendesha mashtaka wa serikali kuu, pamoja na FBI, walitangaza diploma za uuguzi zaidi ya 7,600 zilizouzwa na vyuo vya Florida. Vilikuwa vyuo vyenye mlango na kibao, si watu wa vichochoroni. Bodi za majimbo mengi zimefuata walionunua na kuwanyang'anya leseni, pamoja na wale waliofaulu NCLEX. Msimamizi afute ujumbe wake tafadhali.

BabaImani
Jambo moja la kurekebisha kabla halijasambaa, kwa sababu nimeambiwa mara nyingi kwamba ukisoma binafsi "hutakuwa RN kamwe". Si hivyo. Krediti zangu koleji walizikataa zote, ni kweli, kwa kuwa ithibati ya chuo changu si ile ya vyuo vya kawaida. Lakini programu ya kutoka LVN kwenda RN ilichotaka ni leseni yangu hai, na anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia nilizosoma koleji kwa pesa kidogo kidogo. Leseni haina jina la chuo.

Kwa hiyo dada, lolote utakaloamua, sajili anatomia koleji Januari hii. Somo moja. Koleji nyingine zinakupa pointi za udahili kwa alama hiyo, na siku ya RN utakuwa umeshatangulia. Angalia tu tarehe, kuna koleji zinazokataa alama za zaidi ya miaka mitano.

MamaZawadi_FortWorth
Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili na mume yuko kwenye spika akiwa Oklahoma. Kesho napita chuoni kabla ya kulala.

MamaZawadi_FortWorth
Nimerudi. Nimemuuliza yule mshauri darasa lililopita lilianza na wangapi. Akasema takwimu hizo ziko kwa mkurugenzi. Mkurugenzi yuko wapi? Likizo. Hospitali za mazoezi? "Tuna mikataba mbalimbali." Dada NesiWaUsiku, nilitaka kucheka mbele yake. FAFSA hawapo, wana kampuni yao ya mkopo, na fomu alikuwa ameshaijaza jina langu. Kwenye jedwali la Bodi ufaulu wao ni mzuri tu. Waliofanya mtihani ni 9.

Barua nimetuma kwa barua pepe jana Jumatatu saa 5 usiku, nimepiga picha skrini. Hawajajibu bado, ila muda haujaisha. Workforce Solutions wamenipa miadi wiki ijayo. Maombi ya koleji yanafungwa Februari 1 na HESI nimejiandikisha Januari 11. BabaImani, nikikosa, nitakuuliza jina la chuo chako. Umesema wana darasa la Mei?

Hesabu naziogopa. Sehemu zile za visehemu na uwiano, nimeziacha kidato cha pili.

BabaImani
Mei wapo, na Septemba. Nitakutumia pembeni.

NesiWaUsiku
Kitabu cha HESI ninacho, kile kinene, kurasa za hesabu nimechorachora pembeni kwa Kiswahili. Uko Fort Worth upande gani? Jumamosi nakuja harusini Arlington, naweza kukuachia kwa mtu.

Otieno_Garland
Hiyo harusi ya Arlington hata mimi nakuja. Leteni na swali la babu wa kilo 90, tulipige hesabu.