“Si inawaka?” Mbele ya wateja wote! Huyu muuzaji atatuua

Jamani mlio macho, nisomeni. Nimetoka mjini saa hii na mikono bado yanitetemeka. Simtaji, mnamjua: yule wa juu ya ngazi za giza, anayeuza kompyuta za mtumba kutoka Uingereza na kuapa kwa Mungu kila sentensi.

Nimembebea mashine hadi kaunta, jua la saa saba. Hakufungua kifuniko. Amebonyeza swichi, nembo ikatokea, akanigeukia duka likiwa limejaa: “Si inawaka?” Wamecheka wote, mpaka kijana wa chai.

Si inawaka! Hata taa ya choo inawaka, mbona hatuisakinishii Windows?

Na sikwenda na maneno matupu. Mashine za maabara ya shule nilinunua kwake, zote modeli moja. Nimezisakinishia Windows kwa mtandao kutoka seva moja, picha ileile ya mfumo (nakala nzima ya Windows), swichi ileile ya mtandao. Nyingi zimepokea vizuri. Baadhi zikifika katikati zakwama, kosa 0x80070570, ati faili limeharibika. Nikajaribu kwa flashi, yaleyale. Picha ingekuwa mbovu, zote si zingekwama? Nikaendesha MemTest86, programu ya kupima ramu (kumbukumbu ya kompyuta), usiku kucha, asubuhi nakuta mistari myekundu juu mpaka chini. Nikachomoa ramu nikaitia kwenye mashine nzima: kosa likahamia huko. Ile iliyokuwa mgonjwa nikaitia ramu nzima, Windows ikaingia mpaka mwisho. Ataka nini tena, cheti cha kifo?

Nyingine ni diski. SMART, ripoti ya afya ya diski, inaonyesha sekta (vipande vya diski) mbovu zilizohamishwa na zinazosubiri kuhamishwa, na kila nikisoma upya hesabu imepanda. Matokeo yote nimeyapiga picha, yamo kwenye simu. Nimemnyooshea simu atazame. Hakutazama! Kidole kwenye swichi, nembo, “Si inawaka?”

Nembo ile inatoka kwenye chipu ya ubao mama, jamani. Diski haijasomwa hata herufi moja, na ramu imeguswa kidogo tu. Mafaili yakianza kufumuliwa ndipo ramu inajaa, ndipo ubovu unapojitokeza. Mtu anauza kompyuta miaka yote hiyo hajui hili? Analijua! Ndiyo maana hakutaka kutazama simu.

Wala sikumwonea. Hewa yetu ya chumvi naijua. Zile ambazo meno ya ramu yalikuwa yameingia weusi nimeyasugua kwa ufutio, zimepona, sikumdai hata senti. Nimempelekea maiti peke yake. Na kwa maiti ndiyo naambiwa si inawaka.

MtotoWaLikoni: 😂😂 Si inawaka! Pole dadangu. Huyo huyo kaniuzia laptopu, ukichomoa chaja yazima hapo hapo. Nikarudi, akaniambia nilinunua laptopu, sikununua betri.

Bwana_Kebo: Dada, ramu umehamisha, sawa. Kebo ya SATA, ile ya diski, je? Kwenye SMART hesabu ya C7, makosa ya njiani kati ya diski na ubao, ikipanda, mara nyingi mkosa ni kebo. Vijana mnazika diski zingali hai.

Mwenye uzi: Ami, kebo nimebadilisha. C7 ni sifuri. Zinazopanda ni 05 na C5, zile sekta zilizohamishwa na zinazosubiri. Na hata ingekuwa kebo, kebo nimeuziwa na nani?

KwetuNyali: Mko bado na Windows 10? Microsoft iliacha kuihudumia 14 Oktoba 2025. Mtumba wenyewe hauna TPM 2.0, ile chipu ya usalama, Windows 11 itaukataa hata ukiwa mzima. Umeliwa mara mbili.

Mwenye uzi: Ni 11 hiyo hiyo naweka! Prosesa ni kizazi cha 8, TPM 2.0 ipo, niliangalia kabla ya kutoa pesa. Mwenzenu nimechekwa mbele za watu, wewe waniuliza toleo.

Pengwini001: Weka Linux badala ya Windows, umalize maneno.

Mwenye uzi: Ikae wapi, kwenye diski iliyokufa?

MtotoWaLikoni: Dada leo ana moto wallahi. Wewe nawe kwa nini ulizilipia zote kabla ya kuzijaribu?

UmmSalim: Afadhali wako alibonyeza swichi. Fundi wangu wa friji kagonga mlango wa friji kwa vidole, kasikiliza, kasema “gesi”, kachukua pesa kaenda zake. Friji yatoa joto! Samaki changu wa Ijumaa wote nimewapa paka.

KwetuNyali: Mwenye pikipiki ya buluu?

UmmSalim: Huyo huyo! Kumbe nawe?

KwetuNyali: Alinitilia gesi kabla ya Ramadhani, Idi haikufika. Nikimpigia, simu yashikwa na mtoto.

Bwana_Kebo: Gesi haiishi yenyewe kama haina pa kuvujia. Huenda si gesi, ni baridi inatoroka mlangoni. Kabla ya kutoa pesa tazama raba ya mlango: banisha noti hapo, ukiivuta ikitoka bila kushikwa, raba imekwisha.

Mwenye uzi: Jamani, kompyuta! Nani mwingine amenunua kwake mzigo huu?

UmmSalim: Ngoja kidogo mwanangu. Bwana Kebo, nimebanisha ya mia mbili, imetoka yenyewe. Raba hiyo yauzwa wapi, Mwembe Tayari au niende Kongowea?

Bwana_Kebo: Pima kwanza urefu na upana wa mlango, kisha piga picha ya kona.