Mach ndani ya macOS: bado ina kazi au ni mzigo wa urithi tu?

Wakuu nauliza bila ushabiki. XNU, ile kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya macOS na iOS, kila mtu anasema ni haibridi, yaani nusu maikrokerneli nusu monolithi, halafu anapita zake. Ukiifungua unakuta Mach, kerneli iliyotoka chuo cha Carnegie Mellon miaka ya 80, pembeni BSD ya ukoo wa Unix, na I/O Kit ya draiva (programu zinazoendesha vifaa), na vyote vitatu vinakaa kwenye memori moja na ruhusa zile zile za juu kabisa. Sasa si monolithi hiyo, kila kitu ndani ya kerneli? Faida ya maikrokerneli, ile inayoacha draiva na huduma nyingine nje ya kerneli, ni kwamba draiva ikifa mashine inaendelea, hapa draiva ya ndani ikikosea pointa moja tu mashine nzima inalala chali. Mi naona wamebaki na ugumu wa Mach bila ulinzi wake.

— Mkuu unaongea kama vile Apple walianza na karatasi nyeupe. NeXT, kampuni ya Steve Jobs, walichukua Mach 2.5, na humo BSD ilikuwa bado imo ndani ya kerneli, Apple wakainunua NeXT 1997 wakapata na Avie Tevanian ambaye Mach yenyewe alishiriki kuijenga akiwa chuo. Baadae wakaingiza kodi ya Mach 3 lakini BSD wakaiacha ndani, kwa sababu waliojaribu kuitoa nje waliona kila ombi la faili linageuka meseji za kwenda na kurudi, spidi ikafa. Ndani ya XNU, BSD inaita Mach moja kwa moja kama fanksheni ya kawaida. Na usiseme haina kazi: kila prosesi ya BSD imekaa juu ya taski ya Mach (chombo kinachoshika memori na rasilimali zake), na XPC, njia ambayo programu za Mac zinaongeleana kutwa, inapita kwenye porti za Mach, yaani milango yake ya meseji. Toa hizo uone kitabaki nini.

— Spidi spidi spidi, hiyo ndo ilowaponza Microsoft. Windows NT 3.1 ya 1993 grafiki zilikuwa nje ya kerneli kwenye prosesi yake, kufika NT 4.0 mwaka 1996 wakazisukumia ndani. Na ukiweka vitu ndani matokeo ndo haya: Julai 2024 faili moja la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, lililosomwa na draiva iliyo ndani ya kerneli, likaangusha kompyuta za Windows kama milioni 8.5, hospitali na ndege zikasimama.

— Haya, sasa ndo tunaelewana. Na Apple wenyewe tangu macOS Catalina ya 2019 wanawasukuma watengeneza draiva watoke nje ya kerneli kwa DriverKit, zana yao ya kuandika draiva za nje, yaani wanarudi kulekule walikokimbia, safari hii prosesa zina nguvu ya kubeba meseji. Ila Linux nayo ina FUSE, mfumo wa mafaili unakimbia nje kabisa ya kerneli na hakuna anayeiita haibridi. Kwahiyo mnaoitetea XNU nipeni kipimo: ni kitu gani lazima kiwe nje ndo tukubali ni haibridi?