Vitabu vya "siri za kutengeneza katuni": nailoni hawafungui, pesa hawarudishi

Wadau wa Mombasa na vitongoji vyake, salaam aleikum, na wengine hamjambo. Nimevumilia mpaka n'shachoka. Leo nasema.

Ni nani aliyewaambia wauza vitabu wa mji huu kwamba kitabu cha picha hununuliwa kwa kutazamwa jalada? Kuna duka moja, jina silitaji kwa sasa, lina rafu nzima ya vile vitabu vikubwa vya kava ngumu vinavyoeleza filamu fulani ya katuni ilitengenezwaje. Vyote vimevishwa nailoni gubigubi. Ukiomba uonyeshwe ndani, kijana wa kaunta anakujibu: "Mzee wangu, ukifungua umenunua." Haya, nikanunua. Shilingi elfu saba na mia tano, M-Pesa, pale pale. Nimekifungulia kwenye baraza ya duka, na ndani mna nini? Picha za filamu yenyewe! Zile zile nilizoziona kwenye televisheni, zimegandishwa, zikachapwa kwenye karatasi ya kung'ara, na chini yake mstari mmoja wa kujisifu. Kurasa kwa kurasa. Mchoro wa penseli hata wa dawa hukuti. Nikageuka nikarudi ndani. "Tumeandika hapo, bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Hilo tangazo lenyewe limebandikwa nyuma ya mlango, na mlango mchana kutwa uko wazi.

Najua kuna atakayekuja kuniambia picha ni picha. La, si kweli. Mtu hanunui kitabu cha aina hii ili aone filamu ilivyopendeza, hiyo ameshaiona. Ananunua aone ilikotoka. Aone mhusika mmoja alivyochorwa na kuchorwa tena, huku mnene, huku mkonde, huku ana pua ambayo baadaye ilitupwa. Aone storibodi, vile vijichoro vya harakaharaka vinavyopangwa ukutani ili hadithi isomwe na kubishaniwa kabla pesa hazijaanza kumwagika. Aone ile karatasi ya mhusika inayomwonyesha mbele, ubavuni na nyuma, ili wachoraji mia wasije wakachora watu mia. Aone na walivyopanga rangi. Toy Story ya 1995, filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta, rangi zake zilipangwa na Ralph Eggleston, msimamizi wake wa sanaa, kwa chaki za pastel, juu ya karatasi, kwa mkono wake. Mimi nafundisha vijana kuchora, Majengo, siku za Jumamosi, na kila muhula sikosi mmoja wa kunililia kwamba katuni haziwezi kwa sababu kwao hakuna kompyuta ya maana. Ukurasa kama huo ungemnyamazisha. Kitabu kisicho na kurasa hizo ni kitabu cha mapishi chenye picha za sinia za biriani peke yake: utameza mate, kupika hutajua.

Na si kwamba vitabu vizuri havipo duniani. Mwaka 1981 Frank Thomas na Ollie Johnston, wazee waliokula chumvi nyingi kwenye meza za Disney, walitoa The Illusion of Life, na ndani yake zile kanuni 12 za kuchora mwendo ambazo mpaka leo ndizo zinazofundishwa kila pahali: mwili ubonyee na kunyooka, mtu arudi nyuma kidogo kabla ya kuruka, na kadhalika. Michoro imejaa tele, na kila mmoja una sababu ya kuwa pale. Vijana wangu waliwahi kuniuliza kwa nini Miles, yule kijana shujaa kwenye Spider-Man: Into the Spider-Verse ya 2018, anaonekana anajikwaajikwaa msituni ilhali mwenzake mzoefu anateleza hewani kama hana mifupa. Sababu ni kwamba filamu huenda fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde, na Miles hapo wamempa mikao 12 tu, kila mkao unakaa fremu mbili, wakati yule mzoefu anapewa mkao mpya kwa kila fremu. Werevu ulioje! Mambo ya namna hiyo ndiyo nataka niyafunue mezani, mtoto aweke kidole juu yake. Silipi elfu saba kwa ajili ya bango lililokunjwa.

Sasa njooni kwenye wizi wa pili, huu wa barabarani.

Kwa sababu dukani hakushikiki, watu wamegeukia nakala za kunakiliwa. Kile cha mchoraji katuni Richard Williams, The Animator's Survival Kit cha 2001, utakipata kwa bei ya kucheka. Mimi aliniletea jamaa mmoja, kimebanwa vizuri, jalada la rangi, nikasema alhamdulillahi. Kufungua! Kitabu chote kile ni hesabu ya mwendo. Hatua moja ya mtu anayetembea kwa mwendo wa gwaride: mguu umegusa chini kwenye fremu ya 1, mwenzake unampita kwenye ya 7, chini tena kwenye ya 13. Nusu sekunde, hatua imekwisha. Ukijua hizo namba tatu umeshaanza kutembeza mtu. Kwenye nakala yangu ile 7 imemezwa na gundi ya mgongo, na ya 13 imekatwa na mashine ya kupunguza karatasi. Namba za pembeni zinazomwambia mchoraji wapi akaze na wapi aachie zimekuwa madoa ya wino. Kijana mmoja alikaa na ukurasa huo Jumamosi nzima akinitolea mtu anayechechemea, naye maskini amefuata kitabu sawasawa.

Nikimwuliza muuzaji, ananiambia, "Yakhe, lakini si umepata rahisi?"

Wale wa dukani nao wana wimbo wao: ushuru. Sawa. Ni kweli serikali ilitutwika VAT ya asilimia 16 kwenye vitabu mwaka 2013, na hilo lina uzi wake peke yake, mimi mwenyewe nitakuja kuchangia kwa hasira zote. Lakini VAT inamkataza nani kuvua nailoni nakala moja tu, akaiweka kaunta, watu wakaitazama? Na bei hiyo juu ya yote unaambiwa usubiri, mzigo "unashuka kutoka Nairobi". Sisi tulio na Kilindini hapa, meli zinapiga honi mpaka tunaamka, kitabu tukingojee kutoka Nairobi!

Halafu kuna hili linaloniuma upande. Wachoraji wa The Lion King walikuja Kenya hii kabla ya filamu kutoka 1994, wakatazama nyasi zetu, miamba yetu na wanyama wetu, wakachora, wakarudi kwao. Michoro iliyotokana na ardhi hii ikaingia vitabuni. Mtoto wa Majengo akitaka kuona mgeni aliuonaje mbuga wa kwao, atoe mshahara wa babake. Na Tinga Tinga Tales, iliyotoka 2010, ilitengenezwa hapo Nairobi tu, kwa mtindo wa michoro ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga. Nani kwenu ameshaona rafuni kitabu kinachoonyesha ilivyotengenezwa? Nielekezeni, nitakwenda kwa miguu. Ninachokutana nacho mimi ni vile vya kuchapa picha za skrini, vyenye plastiki.

Msiniambie nipakue PDF. Nimejaribu. Mchoro uliotandazwa kwenye kurasa mbili unakatwa katikati, rangi ya machweo inageuka uji kwenye simu ya mtoto, na darasa zima haliwezi kuinamia kioo cha upana wa kiganja.

Wiki hii nakwenda ofisi ya biashara na risiti yangu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinasema mnunuzi ana haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi alichonunua, na tangu 2012 kuna sheria nzima ya kumlinda. Sitafuti fidia. Nataka nirudishiwe elfu saba na mia tano zangu, na kila kitabu cha picha kiwe na nakala moja iliyo wazi. Mwenye risiti ya mchezo kama huu aje inbox twende pamoja, maana mtu mmoja wakimwona peke yake watamzungusha mpaka Ramadhani.

Na anayejua duka lolote, kuanzia Likoni mpaka Mtwapa, linaloruhusu mtu afungue kitabu kabla ya kulipa, aandike hapa chini. Hilo jina lake litajeni wazi wazi.