Anaimba "nimebaki peke yangu" halafu nyuma yake kuna watu 14 wanakata mauno!!

Wakuu sina hata salamu. Nimetoka kuangalia kichupa cha yule bwana sasa hivi, mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule aliyetusumbua mwezi mzima "kaeni mkao wa kula", tukakaa mkao hadi miguu ikafa ganzi na tulichopakuliwa ndo hiki.

Wimbo wenyewe mnaujua, ule wa kumlilia mama yake. Audio ilipotoka nilikuwa naisikiliza usiku taa zimezimwa, na mimi mama yangu ametangulia, sasa ile beti ya pili ambapo ngoma zote zinanyamaza kinabaki kinanda na yeye anaimba kwa sauti ya chini kama anaogopa kumwamsha mtu, "nimebaki peke yangu", pale nilikuwa nasimamisha kwanza nivute pumzi ndo niendelee. Leo nafungua video. Beti ya pili hiyo inafika. Kinanda. "Nimebaki peke yangu..." kamera inarudi nyuma WAPO WATU KUMI NA NNE. Nimewahesabu mara tatu. Kumi na nne wamepakwa mafuta wanang'aa kama sufuria mpya, wanakata mauno kwenye msiba, na yule wa kushoto kabisa anatafuna bablishi!

Na yeye mwenyewe kakaa juu ya boneti ya lile gari jekundu, gari ambalo nimeliona kwenye vichupa vya wasanii wengine watatu mwaka huu, lile gari lina uzoefu wa kuigiza kumzidi yeye. Anavua miwani taratiiibu, anapitisha kidole chini ya jicho kavu kama jangwa, pete inamulika, shati linapepea. Shati linapepea NDANI YA NYUMBA jamani, madirisha yamefungwa nayaona, huo upepo unatoka wapi kama sio feni? Mtu anamlilia mama yake amewashiwa feni!

Sasa kilichonileta humu sio hata hicho. Mtu kamuuliza kwa adabu kabisa chini ya video, kaka mbona picha haziendani na maneno, jamaa kajibu "mnaotaka stori nendeni mkaangalie tamthilia". Yaani sisi tuliolia na wimbo wake ndo twende tamthilia. Peke yangu, watu 14. Peke yangu!

Kiti_Moto_Baridi: Povu lote hili asubuhi yote hii, tuliza mshono mkuu.

MzeeWaBeti: Mimi nimehesabu 13. Huyo wa 14 ni kivuli kwenye kioo.

Mleta uzi: Sio kioo! Wa kwenye kioo nimemtoa, ningemweka wangekuwa 15. Rudi sekunde ile anaposema "peke" uangalie nyuma ya nguzo.

MzeeWaBeti: Nimerudi. Kweli yupo wa nyuma ya nguzo. Ila ana haya huyo, hakati mauno vizuri.

Dada_wa_Kiitikio: Kaka mleta uzi pole na mama. Lakini unalia bure, kichupa hakitengenezwi ili kufafanua wimbo, kinatengenezwa kuuza sura. Anayetoa hela anataka ile sura ije karibu na kamera kila baada ya sekunde chache ili kesho ukiiona kwenye bango uijue. Madansa wapo ili watu waige hatua, wajirekodi, wimbo usambae wenyewe. Sasa mtu aliyekaa kwenye kiti analia, utaiga nini? Gari na jumba ni kwa sababu wengi tunaangalia vitu ambavyo hatuna, ndo raha yenyewe. Na picha zinakatwa kwenye mdundo ili jicho lisichoke. Hivyo vyote vipo kwa sababu vinafanya kazi.

Mleta uzi: Dada nakuheshimu ila hapo kwenye kiti umenigusa pabaya. 1990 Sinéad O'Connor aliimba "Nothing Compares 2 U", wimbo wa Prince huo, video karibu yote ni uso wake tu, nyuma giza, hakuna gari hakuna feni. Karibu na mwisho chozi linashuka, na mwenyewe alisema lilikuwa chozi la kweli, alimkumbuka mama yake aliyefariki 1985. MAMA YAKE! Chozi tu, dunia nzima ikasimama, na mpaka leo watu wanalizungumzia. Na huo uso ulikuwa karibu na kamera kuliko huyu wetu, kwa hiyo sura iliuzwa vilevile. Huyu kaletewa wimbo unaojililia wenyewe akauwekea watu 14.

Bwana_Rimoti: 1990 hiyo mkuu. Saa hizi mtu anapitisha kidole tu, sekunde tatu hajaona kiuno kasharuka.

Mleta uzi: Bendi ya OK Go 2006 walipanda mashine za kukimbilia nane, kamera imesimama sehemu moja haijakatwa mwanzo mwisho, hakuna gari hakuna kiuno, na watu waliangalia hadi intaneti ikatoa moshi. Sikatai kucheza! Wale walicheza kwenye wimbo wa kucheza. Huyu ni msiba!

FundiTaa: Niwamegee kitu maana nimewahi kubeba nyaya na taa kwenye hizi shughuli. Hiyo sehemu ya polepole anayovua miwani, mjue pale kwenye seti hakuimba polepole. Wimbo unapigwa kwa kasi mara mbili, msanii anaimba mbiombio kufuatisha, kamera inakamata fremu, yaani picha, 50 kwa sekunde halafu zinakuja kuchezwa 25, ndo unaona anaelea na mdomo unaenda sawa na maneno. Kwa hiyo hiyo "nimebaki peke yangu" aliitema fastafasta kama mnadishaji, na inarudiwa hata mara ishirini mpaka dairekta aridhike.

Mleta uzi: We FundiTaa umeniua. Yaani alimlilia mama yake kwa spidi mara mbili?? Mbele ya watu 14??

FundiTaa: Kiufundi hata Sinéad alikuwa na watu kwenye seti, kamera haiwezi kujishika.

Kiti_Moto_Baridi: 😂😂😂 uzi ufungwe

Mleta uzi: Hawakukata mauno!!

SautiYaPili: Mnalalamikia madansa wakati kuna watu wanaweka filamu nzima kabla ya wimbo. Kichupa dakika saba, dakika tatu za mwanzo jamaa anashuka kwenye gari, anafunga mlango, anatembea, anafungua mlango mwingine, anakaa, anaangaliwa. Kisha jina la dairekta linajaa skrini kubwa kuliko la msanii. Nimefungua wimbo mimi, sijaomba kusindikizwa!

Bwana_Rimoti: "Thriller" ya 1983 ni karibu dakika 14 na ina filamu ndani, mbona hamlalamiki.

SautiYaPili: Thriller kuna mizimu inacheza! Huyu wetu anafungua mlango tu! Na anaufungua kwa polepole!

MzeeWaBeti: MTV ilipoanza 1 Agosti 1981 wimbo wa kwanza kupigwa ulikuwa unaimba kwamba video imeiua nyota ya redio. Mimi nasema redio ina afadhali, kule hata angekuwa na madansa 100 tusingejua.

Dada_wa_Kiitikio: Mimi ninachochukia ni wale wasichana wanaowekwa wasimame tu. Hachezi, haimbi, hana jina, kazi yake kulamba mdomo na kumwangalia msanii. Kamera inaanzia miguuni inapanda, mara nyingi hata kichwani haifiki. Halafu mnasema mapenzi. Mapenzi gani mtu hana uso?

Kiti_Moto_Baridi: Dada hapo umeongea.

Mleta uzi: Kwenye hiki cha leo wapo wawili wa hivyo, pembeni ya gari, kwenye wimbo wa MAMA, na hao sijawahesabu kwenye 14.

MzeeWaBeti: Kwa hiyo 16?

Mleta uzi: 16!! Peke yake na watu 16!!

Mtoto_wa_Kaseti: Hayo yote tisa, kumi ni wanaoweka simu iite katikati ya wimbo. Biti imenoga, msanii ananyamaza, simu inaita, anapokea "haloo baby". Kila mara nashika simu yangu. Kila mara!

SautiYaPili: Hilo hilo! Na wanatumia mlio ule ambao kila mtu anao.

Bwana_Rimoti: Na king'ora je? Niko barabarani naendesha, king'ora kinalia kwenye spika, nimeweka gari pembeni nasubiri ambulensi ipite. Ambulensi ipo kwenye biti.

Mleta uzi: Jamani tulikuwa kwenye wale 14

Dada_wa_Kiitikio: Yupo mmoja kaweka mtu anabisha hodi. Na kaiweka upande wa kulia tu wa hedifoni, kwangu mlango uko kulia.

Mtoto_wa_Kaseti: Namjua huyo dada!! Mi nilienda kufungua mara mbili, ya pili nikamwamsha na baba akafungue yeye.