Kwa nini 37 inarudi kila mara?

mama_duka_tandika
Habari zenu wakuu. Jana usiku mwanangu wa darasa la sita kanijia dukani, mama chagua tarakimu moja, nikachagua 7, akasema iandike mara tatu, 777, halafu jumlisha hizo saba tatu, 21, sasa gawanya. Nikachukua kalkuleta nikapata 37. Nikajaribu 4, yaani 444 kwa 12, 37. Nikajaribu 9, 999 kwa 27, ileile 37! Nimejaribu zote mpaka nikachelewa kufunga. Najua 37 ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe, ila kwa nini ndo inarudi kila mara? Mtoto anataka jibu na mimi sina.

kaka_chaki
Dada, 777 ni 7 mara 111, na 21 ni 7 mara 3. Saba ya juu na ya chini zinakatana, inabaki 111 kwa 3, ndo hiyo 37. Mwache aandike mwenyewe juu na chini kisha akate kwa kalamu, akishaona hasahau.

wa_ubungo
Kaka kamaliza ila mi naongeza maana hii namba naipenda toka sekondari. Chukua 185, ni 37 mara 5. Toa 1 ya mbele peleka nyuma, 851, ni 37 mara 23. Rudia tena, 518, ni 37 mara 14. Siri iko kwenye 999 ambayo ni 37 mara 27: zidisha 185 kwa 10 upate 1850, toa 999, inabaki 851, na kwa vile zote mbili zinagawanyika kwa 37 basi na kinachobaki lazima kigawanyike (ikianza na 2 unatoa 999 mara mbili, hivyohivyo). Halafu dada si una vizibo vya soda hapo dukani, weka kimoja katikati, zungushia 6, halafu 12, halafu 18, hesabu vyote. 37, na umbo lina pembe sita kama sega la nyuki.

mwalimu_mstaafu
Vijana mmeeleza vizuri sana, ila tutenganishe. Hayo ya 111 na 999 yanatokana na sisi kuhesabu kwa makumi. Tungehesabu kwa manane, ile 111 ingekuwa 64 na 8 na 1, yaani 73, nayo ni tasa, 37 haimo kabisa. Vizibo havijali unahesabuje, na kuna jambo jingine zito zaidi. Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliacha dai kwamba kipeo kikizidi 2 (mfano 5 kwa kipeo cha 3 ni 5 mara 5 mara 5), huwezi kupata namba kamili chanya mbili zenye vipeo hivyo zikajumlishwa kuwa kipeo hichohicho cha namba nyingine. Miaka ya karibu na 1850 Mjerumani Kummer akapata njia ya kuthibitisha kwa namba tasa nyingi kwa mpigo, na ya kwanza kabisa kuikataa njia yake ni 37. Chini ya 100 ziko tatu tu, 37, 59 na 67. Dai zima lilikuja kukamilishwa na mwanahisabati Mwingereza Wiles, uthibitisho ukachapishwa 1995. Hiyo ndiyo tabia ya 37 yenyewe.

mama_duka_tandika
Asanteni sana, shikamoo mwalimu. Vizibo tumepanga kwenye kaunta, 37 kamili. Kajaribu na 296, 962, 629, zote zimekubali. Sasa anauliza mbona 7777 kwa 28 inaleta desimali?

kaka_chaki
Saba zinakatana vilevile dada, inabaki 1111 kwa 4, na 1111 ni 11 mara 101, hamna 4 humo. Mwambie ajaribu tarakimu tisa, 777777777 kwa 63.