Mshipi wa zana: ngozi ya Kariokor, nailoni ya mishipi miwili, au ule mpana wa sponji?

WayaTatu
Habari zenu mafundi. Kazi yangu ni kamera za ulinzi na faiba. Leo niko Kasarani, kesho Lang'ata, keshokutwa naitwa Syokimau saa mbili usiku kwa sababu mtu amesahau nywila. Gari sina, ni matatu na boda, begi mgongoni.

Juu ya ngazi begi halina msaada, kwa hivyo miezi minane sasa zana nazitundika kwenye mshipi wangu wa kawaida wa suruali, pamoja na vipochi viwili. Suruali inashuka. Kila baada ya hatua tatu naivuta, na mwenye nyumba ananiangalia kama mwizi wa kuku. Kufikia saa kumi alasiri kiuno kinawaka moto upande wa kulia. Hayo nimeyazoea. Lililonitia wasiwasi ni paja la kulia, upande wa nje: linakufa ganzi, ukiligusa ni kama ngozi ya mtu mwingine.

Jana nilimwomba mama mboga wetu mizani nikapima kila kitu. Drili ndogo na betri yake kilo 1.3. Nyundo nusu kilo. Koleo la kukatia na la kubania vichwa vya kebo, gramu 700 yote mawili. Bisibisi nne gramu 400, tepu ya mita 5 gramu 300, testa ya kebo gramu 200, klipu na skrubu na misumari gramu 600. Jumla kilo 4 kamili. Mama mboga akaniuliza kama nauza.

Nimeona njia tatu: mshipi wa ngozi wa kushonewa Kariokor, soko la hapa Nairobi, nailoni ya mishipi miwili, wa ndani na wa nje, kama ya masoja, na ule mpana wenye sponji na mikanda ya mabegani. Bajeti ni elfu nne, nikisukumwa tano. Nani ametumia upi, na ulimfanyaje?

KiunoSalama
Nafanya kazi ya mazoezi ya viungo, kwa hivyo naanza na paja. Kuna neva ya hisia inayotoka tumboni na kupita karibu na ile kona ya mbele ya mfupa wa nyonga, halafu inashuka upande wa nje wa paja. Ikibanwa hapo, paja linakufa ganzi au linachomachoma. Madaktari huita meralgia parestetika. Mishipi ya kubana, jinzi za kubana, kitambi na ujauzito vyote vinaweza kuileta, na mishipi ya zana inajulikana sana kwa hilo. Mara nyingi huisha kinachobana kikiondolewa. Lakini ukiona mguu unalegea au unakosa nguvu, hiyo si hadithi ya mshipi tena, nenda hospitali.

Sasa simama uweke viganja kiunoni kama mama aliyemsubiri mtoto mlangoni hadi usiku. Ule ukingo wa mfupa ulio chini ya viganja ndio unaopaswa kubeba mzigo. Mshipi uukumbatie. Wewe nina hakika wako unakaa chini yake, na kwa sababu unateleza, unaongeza tundu moja, halafu jingine. Unambana mtu asiye na kosa.

Na upana ni hesabu tu. Mshipi wa suruali una upana wa sentimita 4 hivi. Kilo zilezile zikikaa kwenye pedi ya sentimita 10, kila sehemu ya ngozi inabeba chini ya nusu ya ilivyokuwa ikibeba.

SejaMala
Ngozi. Mimi ni seremala, mshipi wangu una miaka tisa na umezidi umri wa ndoa mbili za jirani yangu.

Usinunue uliotundikwa dukani. Nenda Kariokor, keti na fundi, mwambie unataka ngozi ya ng'ombe yenye unene wa milimita 4, upana inchi mbili na nusu, mishono miwili kila ukingo na ribiti kwenye vitanzi. Nenda UMEVAA nguo za kazi. Mimi nilimpa fundi saizi ya suruali, 34, akacheka, akapitisha futi yake ya kitambaa juu ya ovaroli na sweta: 39. Saizi ya jinzi ni jina tu. Mwambie pia atoboe matundu saba badala ya matano, maana mwili wa Julai na sweta lake si mwili wa Januari.

Mwezi wa kwanza utauchukia, ni mgumu kama ubao. Halafu unachukua umbo lako na hautaki mtu mwingine. Ukilowa mvua ya Aprili, uanike kivulini. Aliyekaushia wake kando ya jiko ulipasuka kama tope la Athi River, na nisiseme ni nani aliyefanya hivyo mwaka wa kwanza.

Hilo jina Kariokor, kwa wasiojua, limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hivyo hapo mambo ya kubeba mizigo hayakuanza jana.

Soja_wa_Usiku
Mzee SejaMala, heshima, lakini wewe unafika mjengo unavaa, unatoka unavua. Huyu kijana anapanda matatu mara nne kwa siku. Vua mshipi wa ngozi wenye kilo nne mbele ya makanga anayekuambia "songa songa" uone.

Mimi huvaa masaa kumi na mawili mfululizo: redio, tochi, pingu, funguo. Mishipi miwili ndiyo dawa. Wa ndani ni mwembamba, sentimita 4 au chini, unapita kwenye vitanzi vya suruali kama kawaida, ila uso wake wa nje ni velkro. Wa nje una upana wa sentimita 5, ni mgumu, na velkro yake iko upande wa ndani. Unaubandika juu ya wa kwanza. Hauzunguki, hauteremki. Kazi ikiisha, fungua bizimu, bandua, tia mzigo wote begini kwa mpigo mmoja. Suruali inabaki imeshikwa na wa ndani. Kama huna velkro, kuna vile vikanda vifupi vya vishikizo vinavyofunga wa nje kwenye wa ndani, vinne vinatosha.

Mpangilio: watu wa mambo haya huusoma mshipi kama uso wa saa. Kitovu ni 12, nyonga ya kulia 3, uti wa mgongo 6, nyonga ya kushoto 9. Soma namba zilizoandikwa, si saa ya Kiswahili, la sivyo nikikwambia kumi na mbili utaitundika nyundo kwenye uti wa mgongo. Vitu vizito viwe 3 na 9, vilingane pande zote mbili. Kati ya 5 na 7 pasiwe na kitu kigumu KABISA. Ukianguka chali na koleo mgongoni, koleo halivunjiki. Na mbele, kati ya 11 na 1, pawe wazi, maana hapo ndipo unapokunjia mwili na ndipo ngazi inapokugusa.

Ubaya wake upo. Velkro hukusanya nyuzi na vumbi mpaka inaacha kushika. Mimi huichokoa kwa mswaki mzee. Na ukiibandua saa nane usiku, mtaa mzima unaamka. Pia bizimu za plastiki si sawa zote. Kampuni moja niliyofanyia ilitupa mishipi ambayo ukiinama kufunga kamba za kiatu, inafunguka yenyewe.

Jambo la mwisho: nunua nyeusi. Ukipata ile ya madoadoa ya kijeshi kwa bei nzuri, iache hapohapo. Raia kuvaa mavazi ya jeshi hapa Kenya ni kosa, na askari wa kituoni hatataka kusikia habari za faiba.

Ndoo20
Ndoo ya rangi ya lita 20, mifuko imeshonwa kuzunguka, kamba na kulabu. Inaning'inia kwenye ngazi. Kiuno ni cha kucheza ngoma.

MamaBomba
Ndoo20 😂 ukiwa ndani ya dari unaishikia wapi hiyo ndoo?

Niseme na mimi, maana naona wanaume watupu. Mimi ni fundi wa bomba, Umoja. Mshipi ulionyooka kama rula haumkai mtu mwenye nyonga. Ukingo wa juu unaachama, ukingo wa chini unakata. Nimechubuka hapo mpaka nikaweka bendeji. Kilichoniokoa ni ule wa sponji uliogawanyika vipande viwili nyuma, vinaunganishwa kwa kamba, kwa hivyo kila upande unalala ulivyo mwili. Kaka zangu wenye vitambi, na nyinyi jaribuni, tatizo ni lilelile ila limehamia mbele.

Mikanda ya mabegani inapunguza mzigo kweli, sikatai. Jioni kiuno hakisemi kitu. Lakini inanasa kwenye misumari ya dari, jasho linakusanyika chini yake, na ile inayokutana kifuani ilinisumbua hadi nikanunua inayoshuka wima pande mbili. Halafu kuna suala la choo. Klipu nne, choo cha mjengo, sakafu mnaijua. Sitaeleza zaidi.

Kwa mtu wa kilo 4 sioni haja ya mabega. Mimi nabeba spana za bomba mbili, hiyo ni hadithi nyingine.

SejaMala
Soja umesema kweli kuhusu matatu, nakubali shingo upande. Lakini nailoni ikilala na misumari ndani, mfuko unatoboka. Vipochi vya misumari viwe ngozi hata kama mshipi ni nailoni.

WayaTatu
Asanteni wakubwa. Swali: nikitumia mshipi wa kiti cha gari, ile ya magari yaliyobomolewa pale Kirinyaga Road? Inamshika mtu mzima gari likifunga breki, kilo 4 zitaishinda?

Cherehani_Gikomba
Haitakatika, itakunjika. Nguvu ya kuvuta inayo, ugumu haina. Ukitundika kipochi, ukingo wa juu unapinduka nje, kipochi kinainama na koleo linamwagika.

Dawa: chukua vipande viwili vya urefu mmoja. Kata ukanda kutoka kwenye ubavu wa mtungi wa plastiki wa lita 20, ule wa mafuta, mwembamba kuliko mshipi kwa nusu sentimita kila upande, na pembe zake uzikate ziwe mviringo, la sivyo zitatoboa nyuzi. Ulaze katikati, shona kingo zote mbili, halafu shona kwa kukatisha kila baada ya sentimita 4 hivi, uache nafasi ya kupitishia vikanda vya vipochi. Plastiki usiilete hadi mbele, iishie kwenye nyonga, ndipo uweze kuinama. Ncha za mshipi ziunguze kwa mshumaa zisifumuke. Uzi uwe wa kushonea viatu, ule wa nguo utadumu wiki. Kwa ndani niliwahi kumshonea mtu sponji ya mkeka wa mazoezi, milimita 8, akarudi na wenzake watatu.

WayaTatu
Narudi baada ya wiki tatu, nisiwe wale wa kuuliza na kupotea.

Nilikwenda na mishipi miwili. Wa ndani nilinunua. Wa nje umeshonwa sokoni Gikomba kwa maelezo ya hapo juu, mtungi katikati, sponji na velkro ndani. Kipochi cha misumari ni ngozi, mzee SejaMala afurahi. Yote 3,400.

Kilichobadilisha mambo zaidi, hata hivyo, si mshipi. Siku ya kwanza nilihesabu mara ngapi natoa kila kitu. Drili niliitoa mara tano asubuhi nzima, na kila mara nilikuwa nimeshashuka chini kuchukua biti. Nimeitoa kiunoni, inakaa kwenye kulabu ya ngazi. Ndoo20, hapo umeshinda kidogo. Misumari na skrubu nabeba gramu 200 tu, nyingine begini. Kilo 4 zimekuwa 2.3. Makoleo yapo kulia, nyundo na tepu kushoto, testa nyuma kidogo ya nyonga, mbele peupe.

Ganzi imepungua sana. Asubuhi haipo kabisa, jioni naisikia kwa mbali, eneo la ukubwa wa kiganja, zamani ilikuwa hadi karibu na goti. Suruali haishuki. Shati ndilo linaloumia: nikivua wa nje na kusahau, velkro ya wa ndani inasaga pindo mpaka linatoa manyoya. Na bisibisi moja ilianguka kutoka dari la Lang'ata, ikatua hatua moja kutoka kwa mtoto wa mteja. Zote sasa zina kamba.

Limebaki moja. Kitanzi cha nyundo kinaning'inia chini, na nikipanda ngazi mpini unanigonga goti kila hatua. Kuna aliyekipandisha?

MamaBomba
Usikipandishe, mpini utakuingia mbavuni ukiinama. Kisogeze nyuma, nusu ya njia kuelekea mgongoni, na ufunge mpini kwa raba ya ndani ya baiskeli kwenye kipochi cha jirani. Raba mpya, si ile iliyokauka.

WayaTatu
Kesho asubuhi napitia kwa fundi baiskeli.